Mstari wa Nne, Ukurasa wa 41

Jumatatu, 3 Machi
Tumepata! Tuzo ya kimataifa ya fizikia ya kihisabati — mimi na Mwalimu wangu, pamoja. Simu ilinikuta maktaba. Msimamizi alinikodolea macho hadi nikatoka nje kucheka. Mwalimu ana miaka themanini na moja, macho hayaoni tena. Nilipompigia aliniuliza kama nimeshakula.

Jumatano, 5 Machi
Naandaa hotuba. Kamati imesifu hasa ukurasa wa 41 wa kazi yetu. Nitausoma upya kesho, basi tu, nijifurahishe.

Alhamisi, 6 Machi
Mstari wa nne: "Ni dhahiri kwamba jumla hii ina kikomo." Nimejaribu kuthibitisha. Mara tatu, kwa njia tatu. Haina kikomo. Inakua tu, inakua. Na yote yanayofuata yamesimama juu yake. Miaka kumi na moja ya kazi!

Darasani Mwalimu alikuwa akitufokea: ukiona "ni dhahiri", ujue hapo mtu alichoka. Nani aliandika hili? Mimi. Nilidhani yeye ameshahakiki.

Ijumaa, 7 Machi
Kaka anasema ninyamaze. Miaka yote hakuna aliyeona, kiherehere cha nini? Nimemjibu vibaya. Ukweli ni kwamba asubuhi nzima nilikuwa nikijiambia hivyo hivyo. Najichukia.

Jumamosi, 8 Machi
Niko sebuleni kwa Mwalimu. Nimekuja kumwambia kuhusu kosa, kabla kamati haijatangaza majina yetu Jumatatu. Mkewe kanipokea mlangoni anatabasamu: leo mzee kaamka mwenyewe, kanyoa ndevu, anataka kujaribu suti. Usimchoshe, mwanangu, kasema.

Walipokuwa chumbani nimefungua nakala yake ya zamani ya kazi yetu, iliyo mezani. Ukurasa wa 41. Kando ya mstari wa nne, kwa penseli, mwandiko wake wa enzi zile macho yalipokuwa mazima: "Hapa sijahakiki. Amehakiki yeye, namwamini."

Nimeyasoma mara mbili. Nimekaa.

Ametoka. Koti linampwaya mabegani, mkewe anamshika kiwiko. Ameketi karibu yangu, anapapasa meza mpaka amegusa nakala. Anaomba nimsomee kazi yetu kwa sauti, taratibu, nisiruke hata neno. Nimemwambia anisubiri kidogo, namalizia kuandika kitu.

Anauliza naandika nini.