Goreth alisema seva haijibu

Jumanne. Joto limekaa juu ya Bujumbura tangu asubuhi kama mgeni asiyeaga, na mimi nina hasira isiyomsaidia mtu.

Niliitwa kwenye maabara ndogo ya damu hapa mtaani Cibitoke, ambako ndimi fundi wa kompyuta. Diploma sina. Nina subira na intaneti.

Ujumbe wa kwanza ulisema: "Fundi, umeamkaje? Familia iko muzuri? Kuna kitu hakiendi." Vitu visivyoenda mjini hapa ni vingi, petroli ikiwemo. Wa pili ulikuwa picha ya skrini, na kidole gumba kimefunika maneno yote niliyoyahitaji.

Wa tatu ulitoka kwa Goreth, msichana wa mapokezi aliye kwenye majaribio. Leo patron, mwenye maabara, alikuwa amsainie mkataba. Aliandika: umeme ulikatika, ukarudi, tangu hapo kompyuta zote, si yake tu, zinaandika "muunganisho umekataliwa", printa inafanya kazi, hajagusa kitu.

Karibu niubusu ule ujumbe.

Kwa sababu "umekataliwa" ni habari njema. Maana yake seva iko hai, nyaya ziko sawa, ni hifadhidata tu haijaamka. Ingekuwa kimya kabisa, ningeanza kutambaa chini ya meza nikifuata waya.

Nilipofika, wafanyakazi wote walikuwa wanabonyeza vitufe kwa bidii mbele ya skrini zilizoganda. Seva inakaa kabatini, ofisini kwa patron, na ufunguo anao yeye. Kuupata, lazima mtu aingie aseme kuna panne, kwamba mashine imeharibika. Na katika nyumba ile, aliyetangaza panne ndiye mwenye panne. Basi kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake.

Kwenye benchi, mama mmoja aliyetoka Gatumba alisubiri majibu ya damu ya mtoto wake. Hospitali ilikuwa imekataa kumpokea bila karatasi hiyo.

Goreth akamtazama yule mama, akasimama. Bosco wa maabara akamnong'oneza: "We, kaa chini. Acha fundi aseme yeye."

Fundi alikuwa anafungua begi lake polepole sana.

Mlango ulibaki wazi, tukasikia yote.

"Patron, seva haijibu. Naomba ufunguo."

"Nani anasema?"

"Ni mi, patron."

"Uliigusa?"

"Apana. Umeme ulikatika, alafu..."

"Miaka yote hii mashine haijaniletea shida. Unakuja we, inakufa. Ni we uliiua, dada."

Nikaitwa ndani. Kazi yenyewe ilikuwa kufuta faili moja la kufuli lililobaki umeme ulipokatika, kisha kuwasha hifadhidata upya. Printa ikatoa majibu ya mtoto, mama akaondoka mbio bila kuaga.

Betri ya kuilinda seva umeme ukikatika nayo niliiona. Ilikuwa palepale, nyuma ya kiti. Patron ameichomekea televisheni yake, si seva.

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Nikaimeza. Patron ana maabara nyingine Kanyosha, na fundi wa kule pia ni mimi.

"Mkataba, apana," patron akamwambia Goreth. "Na we fundi, mbele ya kurudi kwako, toa jina lake mu mashine."

Bosco akacheka chinichini. "Si nilikwambia? We unajua kumwandikia fundi sana."

Goreth alikusanya kikombe chake na kitenge, akaja kusimama karibu na kabati.

"Fundi, ile ujumbe nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Basi mwambie."

Nikamwambia nitamwambia kesho. Kisha nikafuta jina lake, kwa kuwa hilo patron alilitaka leo.