Basi la Saa Tisa

Kaka yangu,

Natumaini ile mashine ya kusafisha damu haikukuchosha sana juzi. Huku cherehani imepona, na yule bibi harusi msumbufu kanenepa tena. Gauni nalipanua mara ya tatu.

Shemeji akikuambia sina wasiwasi, usimwamini. Tangu daktari aseme figo yangu inakufaa, mkasi unaniponyoka mkononi. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa yoga, kanifundisha kulala chali, miguu juu ukutani, nitoe pumzi polepole kuliko ninavyoivuta.

Sasa usikasirike. Jana nilifunga begi, na halikuwa la hospitali. Nilitaka basi la saa tisa, niende nisikojulikana. Magoti yakagoma mlangoni. Nikasema ngoja nilale kidogo, miguu ukutani, yatulie nipate kukimbia vizuri. Pumzi ya kumi sikuifikia, usingizi ukanibeba. Niliamka saa kumi na moja.

Hofu bado ninayo, Kaka, imekaa humu ndani kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini basi limeondoka.

Alhamisi nakuja. Waambie wauguzi wanipe kitanda cha karibu na ukuta.

Mdogo wako, mwoga yuleyule