Jina ya Buko

Lundi, 4 mwezi wa tatu
Tangu asubuhi mi naweka tu alama mu ordinateur ya radio, machine yetu ya kupanga sauti. Alama ya mwanzo pale sauti inaanza, alama ya mwisho pale inaisha. Ikifika ku ile ya mwisho, wimbo ingine inaingia. Hakuna shimo ya kimya kati. Kolwezi muzima hakuna mutu anaweka alama kama mi. Nilifika Lubumbashi, nilifika Ndola, nikaona batechnicien ba diplome. Banatoka jasho bule. Masomo niliiacha ku primaire, lakini masikio yangu iko na doctorat.

Mardi, 5
Samedi iliyopita carrière moja, machimbo ya madini pembeni ya Musonoi, ilianguka. Kiisha basoda na bunduki bakafukuza bacreuseur bote banachimba pale. Batu banakimbia kila upande. Bajamaa banajaa ku mulango ya radio na matangazo: mutoto wangu eko wapi, bwana yangu eko wapi. Directeur anapiga kelele: "Haraka!" Njo nimebonyeza kitufe ya auto. Machine yenyewe inasikiliza, ikiona kimya inakata. Nimemaliza yote mbele ya chakula ya midi. Mi ni hatari.

Mercredi, 6
Mama Ngoie wa Musonoi alikuya. Anatafuta bwana ya binti yake Solange. Solange eko na mimba kubwa, hakuli tena, anasema bwana eko chini ya udongo. Mama akasema muzuri mu micro. Kufika ku jina, akakwama. Mama-buko hatajake jina ya bwana ya binti yake, kwetu njo vile. Nikamutania: "Mama, ba Solange ni mingi mu Kolwezi, tukuletee bwana ya nani?" Nikamuambia mi niiseme. Akakataa. "Bacreuseur banaogopa, tata. Banazania basoda banabaita ku radio juu ya kubakamata. Ule akinisikia mi natamka jina yake, atajua haiko mutego."
Akageuza uso ku ukuta, akafunika kinywa na kitenge. Kasongo Trésor. Polepole. Sauti ya chini kabisa.

Jeudi, 7
Malheur. Tangazo imepita bila jina.
Banaume batatu bamepiga simu, kila mumoja ni bwana ya Solange! Mumoja wa Dilala eko na ba Solange babili, bibi mukubwa amejua leo. Nilicheka mpaka machozi. Kiisha Mama Ngoie akasimama ku mulango.
"Tata, jina yake umeikula?"
Kicheko ikakufa. Nikavaa casque ya masikio. Jina iko pale, kiloko, kidogo kabisa, kama panya juu ya pamba. Auto ilizania ni kimya, ikakata. Haya ya mama, machine ikaiita kimya. Na mi sikusikiliza. Mi, wa masikio. Nilitamani niingie mu waya.
Solange leo hata mayi hakunywa.

Vendredi, 8
Directeur anasema mama arudilie. Mama hapana. Mara moja imemutosha maisha. Ana haki.
Auto, kwaheri. Casque, macho kufunga, mukono yangu. Nikasogeza alama ya mwisho mbele, nikapandisha sauti ku ile jina tu, nikaacha pumzi yake yote ipite mbele ya wimbo kuingia. Tukaitoa asubuhi, midi, magaribi. Directeur akarukia mulango: "Weye! Hiyo shimo ni ya nini? Radio imekufa?"
"Patron, haiko shimo. Ni mama anapumua."
Akarudi ku bureau yake.
Ku soko ya Dilala, banasema, baliacha kupima unga. Buko ametaja buko! Ile alama, hata Kinshasa habawezi. Hata Bulaya.

Samedi, 9
Hakuna simu. Hakuna mutu. Nilijigamba mbio sana. Niko na woga.

Dimanche, 10
Trésor amefika, juu ya camion ya makala ya kupikia. Alikuwa amejificha Mutshatsha, akasikia ku radio ya muchuuzi mumoja. Nilienda Musonoi nione na macho yangu. Solange alimushika shati, hakuachilia.
Mama hakuwa pale. Alitoka na mulango ya nyuma, asikutane na buko yake uso kwa uso. Nikamupata ku jirani, anachagua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.
"Eko na miguu yote mbili?"
"Yote mbili, mama."
"Amekonda?"
"Sana. Lakini anakula. Solange naye anakula, sahani moja."
Akasogea kidogo ku mukeka. Nikakaa, nikaanza kutoa bijiti mu majani.