Mtu wa Kumi

Vinje Grove, Iowa
Jumapili, 9 Februari

Mpendwa mdogo wangu Nadine,

Hujambo wewe, na baridi lako la Alaska? Shemeji hajambo? Wanangu wale wawili wanakula vizuri? Na kile kikohozi chako kimepona, au bado unajitibu mwenyewe kwa ukaidi? Sisi huku tu wazima, ingawa theluji imefika madirishani mwa banda la ng'ombe na gari la Duane linawaka siku linapojisikia.

Mama anaendelea vizuri. Magoti yanamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo. Juzi kamwambia mchungaji usoni kwamba mahubiri yake yanaanza vizuri ila hayajui njia ya kurudi nyumbani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Barua yako ya Krismasi niliipata. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nikakasirika. Eti huji mwezi wa sita Mama akitimiza miaka tisini, ikiwa ataandaliwa tena sherehe mbili, ya mchana kwangu na ya jioni kwa Merle, kama mtoto wa wazazi walioachana. Eti umechoka kuwa na dada na kaka wasiosemezana. Nilikuandikia jibu kali sana, Nadine, na namshukuru Mungu stempu zilikuwa zimekwisha. Lile nimelichoma. Hili ndilo jibu langu, kwa hiyo kaa chini, weka maji ya kahawa jikoni, usome.

Ugomvi wetu ulioanzia ukumbi wa shule miaka minne iliyopita umeusikia kwa upande wa Merle tu, na Merle nasikia anausimulia kama yeye ndiye malaika. Siku ile ya mchujo wa urais kundi letu lilihitaji watu kumi ili mgombea wetu asitupwe nje, na kumi tulikuwa nao, Merle akiwa mmoja wao. Ikaja ile nusu saa ya kushawishiana, ambapo mtu anaruhusiwa kuhamia kundi jingine. Rafiki yake muuza mbegu akamwita upande wa pili, wakanong'ona, wakacheka, na Merle akabaki hukohuko. Tukawa tisa, kundi likafa. Nikamwita Yuda. Nilimwita kwa sauti, mbele ya nusu ya kanisa. Hiyo sehemu najua alikusimulia.

Basi Jumatatu iliyopita saa moja jioni tulikuwa palepale tena, kwa mchujo wa mwaka huu. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kundi la Seneta Tharp. Usicheke. Tangu Septemba nimepiga simu, nimebisha milango, nimefukuzwa na mbwa wawili. Yule mama namuamini kwa sababu moja: ndiye pekee aliyesema atarudisha wodi za wazazi kwenye hospitali za miji midogo kama wetu. Ya kwetu imefungwa mwaka wa tatu huu, na mwenye uchungu anaendeshwa maili hamsini.

Walikuja watu sitini na wanne. Kila kundi likashika kona yake, na wewe unajua watu wetu: Jumapili wanashikana mikono kwa adabu, siku ya mchujo wanachanana. Lowell wa duka la matrekta alikuwa kwa Gavana Pelletier, akanipigia kelele ukumbi mzima, "Arlys! Huyo Seneta wako hata koleo hajawahi kushika!" Nikamjibu, "Na Gavana wako kashika nini, Lowell, zaidi ya kioo?" Watu wakavunjika mbavu. Lakini Lowell si mjinga. Alisimama juu ya benchi akasema tuache mapenzi, tupige hesabu, kwani mgombea mzuri asiyeweza kushinda uchaguzi wenyewe Novemba ni sawa na mvua ya Desemba, mazao yakiwa yameshavunwa. Niliona vichwa vinatikisika kwa kukubali, hata kwenye kona yangu mwenyewe, na roho ikaniuma.

Mume wangu, nikuarifu, alisimama kwa Gavana. Nilipomuuliza kwa nini, Duane akaniambia upande ule ndio uliokuwa na viti.

Mwenyekiti wetu, Bi. Ostrem wa maktaba, akaamuru tujihesabu kwa sauti, mtu mmojammoja, kama zamani. Gavana thelathini na wawili. Meya Dunaway kumi na watano. Sisi tisa. Na kundi la Mbunge Voss wanane, akiwemo kaka yako. Kwa idadi ile kiwango kilikuwa kumi tena. Nilihesabu upya mwenyewe, nikimgusa kila mtu bega. Tisa.

Kwa hiyo sisi na watu wa Voss sote tulikuwa tumekwama, na nusu saa ikaanza kuhesabiwa. Watu wa Voss, saba kati ya wanane, walikimbilia kwa Gavana kabla Bi. Ostrem hajamaliza kusoma kanuni. Niliwafuata mmojammoja na hakuna aliyenisikiliza. Akabaki mmoja tu, amesimama chini ya goli la mpira wa kikapu, mikono kifuani, kofia yenye picha ya mahindi kichwani, amenuna. Unamjua ni nani.

Wenzangu wakanitazama. Nadine, nilimkasirikia Mungu. Miezi mitano ya kubisha milango, na mlango wa mwisho ni huo! Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyemwosha uso akiwa mdogo, halafu nivuke ukumbi mzima kwenda kumwomba? Dakika kumi nzima nilijifanya napanga karatasi. Kisha nikavuka. Nilisikia makundi yote yamenyamaza ghafla, wambea wakubwa wale.

Nilianza kwa siasa kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeikariri. Nikasema, "Merle, Seneta Tharp ana mpango wa hospitali..."

"Mwanamke wako alipiga kura ya kupinga mafuta ya gari yanayotengenezwa kwa mahindi," akanikata. "Mimi nalima mahindi, dada. Unataka nikatae chakula changu?"

Nikamwambia hilo alikosea, na nimemwandikia kumwambia hivyo, na ni kweli nilimwandikia. Lakini wodi za wazazi...

"Usinihutubie habari za wodi." Hapo sauti yake ilibadilika. "Britta kazaliwa ndani ya pikapu, barabarani, theluji imefunga kila kitu. Mimi ndiye niliyemshika. Mjukuu wangu wa kwanza. Ana miaka miwili sasa, na wewe hujaja hata siku moja kumwona."

Habari za mtoto yule nilizisoma kwenye karatasi ya matangazo ya kanisa, nikaikunja nikaiweka mkobani. Nilifuma kofia ndogo ya sufu, nikakaa nayo mpaka kichwa cha mtoto kikaizidi. Nilikuwa naogopa mlango utafungwa usoni mwangu, na hofu ile nikaiita heshima yangu. Kwa miezi mitano nimebisha nyumba za watu nisiowajua nikiwasimulia habari ya wanawake wanaojifungulia njiani, na wa kwetu sikwenda kumtazama.

Nikamwambia, "Merle, nimekosa. Nilikosa kukuita vile, na nimekosa zaidi kwa mtoto. Nisamehe." Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini ukumbi ule ulivyokuwa kimya nadhani hata Duane alinisikia kwenye kiti chake. Nikaongeza kwamba hata asipokuja kwenye kundi, neno langu liko palepale. Kisha nikageuka, maana machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka Lowell ayafaidi.

Bi. Ostrem akatangaza muda umekwisha, tujihesabu tena. Tukaanza. Moja, mbili, tatu. Mimi nilikuwa wa tisa. Nikasema "tisa," nikafunga macho.

"Kumi," akasema mtu nyuma yangu, kama anayeng'olewa jino. Ukumbi ulilipuka, hata watu wa Gavana walipiga makofi! Merle akainama akaniambia sikioni nisijipe kichwa, amekuja kwa ajili ya hospitali.

Sasa sikiliza vituko. Tulipewa mjumbe mmoja wa kwenda mkutano wa wilaya mwezi wa tatu, na hakuna aliyetaka kuipoteza Jumamosi yake. Wakamchagua Merle. Mkulima wa mahindi, aliyekuwa nasi kwa dakika nne! Ijumaa asubuhi simu ikalia, sauti yake, mara ya kwanza kwa miaka minne: "Dada, umesikia redio? Seneta wako kajitoa kwenye kinyang'anyiro. Mimi naenda wilayani kumwakilisha nani, marehemu?" Tulicheka mpaka Duane akaja kuuliza kuna nini.

Nimesikitika kwa ajili ya yule mama, sikufichi. Alistahili zaidi, na wodi yetu bado ina kufuli. Lakini nikikuambia kwamba nina huzuni nitakuwa mwongo.

Leo baada ya ibada wamekuja wote kula. Merle kala sahani mbili za viazi vya kuoka huku akinieleza kwa nini nitampigia kura Gavana mwezi Novemba akipita, nami nikamweleza kwa nini nitafanya hivyo huku nimeziba pua. Mama kasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini sisi tumempa muda wa kulima mashamba mawili. Britta yuko mapajani mwangu sasa hivi, anaitaka kalamu, na ndiyo maana mistari hii imepinda. Ana kidevu cha Baba. Nimemwangalia mchana kutwa sijashiba.

Sherehe ya Mama itakuwa moja. Leta miguu yako.

Msalimie sana shemeji, wabusu wanangu, na jirani yako yule anayekuletea samaki mwambie Mama anamuulizia. Mungu awafunike kwenye baridi hilo na akulete kwetu salama. Merle anasoma kwa kunichungulia begani na anasema nimetia chumvi, basi nimempa nafasi aandike yake hapo chini.

Dada yako asiyeacha kukupenda,
Arlys

Nadine, mengi ni kweli, ila moja si kweli. Pale chini ya goli sikuwa nimenuna. Wenzangu waliponiita twende kwa Gavana niliwaambia watangulie. Nilikuwa namngoja dada aje.
Kaka yako, Merle