Nilivyotoka Nje kwa Uadilifu

Alhamisi. Hapa Kisauni mvua yanyesha tangu alfajiri, nami nimejikunyata ndani kama kuku anayeatamia, ila sina hata yai. Moyo mzito. Naandika tu, labda utapungua.

Mie ni mmoja wa watu watano wa kamati ya zahanati yetu. Shule niliishia darasa la sita, lakini huku mvi huhesabiwa shahada. Mwezi uliopita alikuja afisa kutufunza habari za mgongano wa maslahi, yaani mtumishi wa umma asiamue jambo linalomgusa yeye au jamaa zake. Akatuonyesha nchi za watu, picha ukutani. Kuna mahali waziri akisikia kampuni ya nduguye yatajwa mkutanini, huinuka akatoka. Kwingine ukizawadiwa hata kalamu, waiandikisha. Nikawaza, wenzetu hawa wakiletewa mbuzi je?

Tukajaza fomu. Jamaa wa karibu ni nani? Huko ilikotoka fomu, jamaa ni mke, watoto na pengine mbwa. Mie Mgiriama. Mtu wa ukoo wangu ni ndugu yangu na mkewe ni shemeji yangu, hata kama hatujui babu gani alituunganisha.

Jumatatu tulikaa kumchagua mfagizi wa zahanati. Nafasi moja, ya kuajiriwa. Mama Sidi, mjane wa marehemu Katana wa ukoo wetu, amefagia pale bure miaka mitatu, akiambiwa nafasi ikija ni yake. Aliyeshindana naye ni msichana ambaye hata stoo ya mafagio haijui ilipo.

Nikasimama, nikatangaza kwamba Mama Sidi ni shemeji yangu, kwa hivyo natoka. Afisa alikuwapo.

"Mwaona? Mzee Karisa ndiye mfano wa kuigwa."

Wakanipigia makofi.

Nikiri. Makofi yale yalinilevya kuliko mnazi. Nilitoka kifua mbele, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa najiona yule waziri wa ukutani.

Kule ndani kura zikawa mbili kwa mbili. Mwenyekiti, aliyekuwa ameshapiga yake, akaongeza ya pili ya kuamua, akampa msichana.

Msichana huyo ni mdogo wake mwanamke ambaye mwenyekiti amempangia chumba Bombolulu. Twajua sote. Paka wa zahanati ajua. Lakini fomu haikuuliza habari za mpango wa kando, na mwenyekiti hakuona haja ya kuisaidia.

Kura iliyokosekana ni yangu.

Jumanne nikampigia afisa simu.

"Mzee, wewe ulitangaza maslahi. Malalamiko yako hayapokeleki."

"Na mwenyekiti?"

"Yeye hakutangaza chochote."

"Si ndilo ninalolalamikia, bwana?"

Akasema uamuzi umeshatiwa sahihi, na hata Mama Sidi mwenyewe akileta barua, itawekwa kwenye faili basi. Kisha akaniambia ana mkutano. Sikumuuliza kama ni wa uadilifu.

Leo mchana Mama Sidi amekuja na mvua yake, leso yamchuruzika maji. Nikamtania kama kawaida: "Shemeji, waja kunipiga au kunirithi?"

Hakucheka.

"Nasikia ulitoka."

"Ndiyo sheria, shemeji."

"Katana angekuwa hai, ungetoka?"

Mie, ambaye hata mchungaji wa kanisa hunikwepa kwa mdomo wangu, nikajitia kutafuta kiti. Nikamsogezea. Nikampa kanga kavu ya marehemu mke wangu.

Kumbe hakuja kugombana. Hajui kusoma, na katika ukoo mie ndiye msomi, Mungu atusitiri. Alitaka nimwandikie barua ya malalamiko. Alisema wakubwa wakijua ukweli hawawezi kumwacha, maana ni watu waliosoma.

Nikaandika. Kurasa mbili, kwa mwandiko wangu bora, miaka mitatu ya ufagio yote nikaitia mle. Nikamsomea mara mbili. Pale niliposoma jina la Katana aliitikia kwa kichwa, akaniambia limekaa vizuri. Akaweka alama ya dole gumba kwa wino, akaipuliza ikauke, akaikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Akanishukuru sana.

Sikumwambia alivyosema afisa kuhusu faili.

Kesho ataamka mapema, avae nguo yake ya kanisani, aipeleke kwa miguu.