Mifuko mine ya muchanga

Bunia, siku ya ine ya juma, asubuhi. Mvua ilianza mbele ya jua kutoka, sasa inadondoka tu pole pole kwenye malata ya paa. Moyo wangu nao ni hivyo hivyo, haunyeshi wala haukatiki.

Munisamehe kwanza. Nyinyi munaofungua ukurasa huu na kukuta kila mara habari ile ile ya zamani, na zaidi weye Yaya Sifa, dada yangu mukubwa, unayenisoma kule Ariwara ukingojea wateja wa vitambaa. Tangu niliandika kwamba mita yangu ya kupimia imevutika, nikakuomba unitumie ingine, sikuandika tena kitu. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo, nikalificha.

Leo Benita amelala, Plamedi yuko kwenye masomo, na mashine ya kushona inaweza kungoja.

Kwa asiyenijua, mimi ni mushonaji hapa mutaa wa Lumumba, nina miaka makumi tatu. Plamedi, mutoto wangu wa kwanza, ana kumi na tatu. Benita ana mitatu. Baba yao yuko kwenye machimbo ya zahabu, anarudi wakati anarudi. Masomo yangu yaliisha siku tumbo la Plamedi lilianza kuonekana chini ya uniforme, na pengine ndiyo sababu mambo nitakayosema hapa niliyaelewa kwa kuchelewa.

Shule ya Plamedi ina ekipe, timu ya gari. Si gari ya kweli. Watoto na mwalimu wao, Prof Gédéon, walitengeneza mbili kwa vyuma vya baiskeli za zamani. Moja inakwenda kwa pedali, piloti anakanyaga kama vile mimi ninakanyaga mashine yangu toka asubuhi. Ingine inakwenda kwa umeme: moteri ndogo, batiri moja, na piloti analala karibu na barabara, miguu mbele. Kutakuwa mashindano ya mashule siku ya posho, yaani Jumamosi, si hii inayokuja, ile itakayofuata. Kila shule ina batiri ya kipimo kimoja na saa moja tu. Atakayefika mbali zaidi mbele ya batiri kufa, huyo ndiye ameshinda.

Basi wanatafuta wepesi. Prof aliwapandisha wote kwenye mizani ya depo ya maharagi iliyo karibu na shule, na Plamedi wangu akawa mwepesi kuliko wote. Tena hana woga wa kona. Wakamupa gari ya umeme, wakamupa na jina: Karatasi. Siku ile alirudi nyumbani anatembea kama mutu aliyepewa parsele ya kujenga nyumba. Hata mimi barabarani watoto walianza kuniita Mama Karatasi, na nilikuwa ninaitika.

Shule iliniomba nishone salopeti za ekipe, nguo moja kutoka shingo mpaka miguu, rangi ya bulu. Nikaanza na ya Plamedi. Nilimupima kifua, kiuno, matako, nikaandika kwenye kaye yangu, nikakata, nikashona. Juma mbili baadaye, tukajaribisha. Nguo ikamulegea.

Nilijicheka. Nikasema mita hii ni ya zamani, kitambaa chake kimevutika, inanidanganya. Ndipo nilikuandikia, Yaya. Nikaingiza upana wa kidole kila upande.

Baada ya siku nyingi ikalegea tena. Nikaingiza tena. Mara ya tatu nilimugeuza mbele ya kioo, nikamwambia, "Sasa imekukaa." Nilikuwa na kiburi cha kazi yangu.

Nilipunguza kitambaa mara tatu, na mutoto sikumwangalia hata mara moja.

Mutaniuliza: mama gani haoni kama mutoto wake hakuli? Nami nimejiuliza zaidi yenu. Kwetu tunakula kwenye sahani moja. Tulizoea vile tangu tulikimbia kijiji, wakati tulikuwa na sahani moja tu, na hata tulipopata zingine hatukuacha. Mikono mitatu inaingia, bugali inaisha, nani anajua nani amekula nini? Nilikuwa ninaona Plamedi anafinyanga tonge, anachovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, anatia kinywani mwa Benita. Kila siku. Nilimusifu. Niliwaambia majirani, muone mukubwa wangu anavyopenda mudogo wake. Na Benita alinenepa, mashavu yakajaa, nikamushukuru Mungu.

Kisha kukawa habari ya mifuko. Mwanzoni Prof alinituma nishone mifuko miwili midogo ya kitambaa kigumu, mishono miwili miwili, isipasuke. Nikashona, sikuuliza. Mwezi uliofuata akanituma nishone mingine miwili. Nikaipeleka mwenyewe shuleni, maana nilitaka kuona mutoto wangu akiendesha.

Walikuwa kwenye uwanja. Plamedi alikuwa amelala ndani ya gari, kofia ngumu kichwani, anacheka. Nikauliza mifuko ni ya nini.

"Ni ya muchanga, Mama Plamedi," Prof akanijibu. "Sheria inasema piloti na muchanga yake bafike pamoja kilo makumi tano, juu shule isilete kitoto kya kunyonya. Kwanza mifuko mbili ilitosha. Sasa huyu Karatasi yetu iko anakuwa unyoya, tunaongeza mbili."

Esther, binti anayekaza vyuma vya gari, akaongeza bila kuinua kichwa, "Na ni muzuri vile, mama. Muchanga iko muzuri kupita nyama. Inakaa chini kabisa, gari haipinduke ku kona."

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Wakajaza mifuko, kilo tatu kila mumoja, nikainua mumoja ili nimupe Esther.

Kilo tatu mimi ninazijua. Benita alizaliwa na kilo tatu. Mukono wangu wenyewe ulienda chini ya mufuko kushikilia shingo ambayo haikuwapo.

Nikasimama vile, na hesabu ikajifanya yenyewe kichwani. Mifuko miwili ya kwanza ilikuwa ya sheria. Hii miwili ilikuwa Plamedi.

Nyumbani sikupiga kelele. Nilifungua kaye, nikachukua mita ile ile, nikamupima tena kifua, kiuno, matako, na kila namba nikaisoma kwa sauti karibu na ile ya zamani. Nikamuuliza toka lini hakuli. Akasema anakula. Nikasema tu jina lake. Akachezea mukaba wake uliotobolewa tundu jipya kwa musumari.

Halafu akasema, pole pole, kama mutu anayefundisha mutoto, "Muchanga inakaa chini, Mama. Tumbo inakaa juu."

Nimelifikiri jambo hili nikikanyaga mashine, nikifua, nikimunyoosha Benita nywele, na kwa habari ya gari mutoto anasema kweli. Ningekuwa na masomo ningejua mahali pa kulivunja neno lile. Nilimwambia tu kwamba gari si mama yake. Akaitika ndiyo Mama, kwa heshima yote, na kesho yake akamulisha Benita tena.

Kuna kitu kimoja sijamwambia mutu. Wakati tulifika hapa Bunia, Plamedi alikuwa na miaka mitano. Tulikaa kwenye tenti na watu wengine. Uji ulikuwa kikombe kimoja, na mutoto yule alikunywa nusu, akanirudishia, akasema, "Nimeshiba, Mama." Nilimwamini. Nilikunywa ile nusu ingine kwa muda wa miezi, mpaka mwanamuke mumoja jirani akanifungua macho. Kwa hiyo neno nimeshiba, kinywani mwa Plamedi, sijawahi kujua bei yake. Nilitafuta chakula kwa miguu, kwa machozi, kwa kufulia watu. Sasa kiko, kinatoa moshi mbele yake, na siwezi kukifikisha kinywani.

Baba yake nilimupigia simu. Akasema nimutoshe kwenye ekipe, nimuondoe kabisa, ama nimupige. Nikasema ndiyo papa. Sikufanya moja wala lingine.

Kwa Prof nilienda kwa hasira, nimeandaa maneno. Alikaa kwenye benchi ya watoto, akasema hakumwambia mutu yeyote afunge chakula, na ninamwamini. Lakini kila juma aliwapeleka kwenye mizani ili ahesabu muchanga, akaandika namba kwenye ubao, na aliyeshuka kilo wenzake walimupigia makofi. Alisema haya mwenyewe, sikumuvuta. Akainuka, akafuta ubao mbele yangu, akaapa hatarudi kwenye mizani ile. Kisha nikamuuliza: nimutoshe ama nimuache?

"Ukimutosha, naogopa ataacha na ile kidogo anakula," akasema. "Ukimuacha, naogopa pia. Weye njo mama."

Muuguzi wa kituo cha afya naye, baada ya kumupima Plamedi akiwa ameipa mizani mugongo asione namba, kama nilivyomuomba, alinieleza habari ya uji wa soya, kidogo kidogo, mara nyingi, nimurudishe kila juma, na siku atasikia kizunguzungu asiguse gari. Kisha naye akamaliza hivyo hivyo: weye ndiye mama.

Kila mutu ananiambia mimi ndiye mama, kama vile ni dawa.

Basi nilifanya kile mikono yangu inajua. Siku ya pili ya juma hili nilichukua wembe, nikafumua salopeti. Mushono wa tatu, wa pili, wa kwanza, mpaka nikafika kwenye alama za chaki za siku ile ya mwanzo. Nikaishona upya kwa vipimo vya kwanza, nikaitundika ukutani mahali anaiona akiamka. Nikamwambia sitaipunguza tena.

Aliishika kiunoni mwake. Akasema, "Nitakuwa kama nimevaa ya mutu mwingine."

"Ni ya kwako," nikasema. "Itakungojea."

Nikatenga pia sahani. Yeye yake, siye yetu. Sikufikiri kwamba kitu kidogo vile kitaniuma. Mara ya kwanza nilikaa mbele yake tangu alirudi masomo mpaka jua likashuka nyuma ya nyumba ya jirani. Alikula matonge ine. Machozi yalikuwa yanateremka bila sauti, anatafuna, yanateremka. Benita akaja, akasimama karibu na goti lake, akafungua kinywa kama alivyozoea, na hakuelewa kwa nini hakuna kinachoingia. Plamedi akaniangalia.

Nikasema hapana.

Nikamubeba Benita nikamukalisha kwangu. Sijui kama ile ni ugumu ama ni mapenzi. Sahani ya Plamedi ilibaki na zaidi ya nusu.

Juu ya mashindano nimesema neno moja tu, na silirudishi nyuma: siku nitaona sahani yake tupu, na si kwa kinywa cha Benita, siku hiyo tutazungumza habari ya gari. Akanihesabia siku zilizobaki kwa vidole. Nikamwambia mimi pia ninajua kuhesabu. Tangu hapo ananisalimia vizuri, anateka maji, anafagia, na hanizungumzii. Esther alipita jana kuuliza kama Karatasi atakuja kujaribisha gari. Nilimwambia jina lake ni Plamedi.

Leo asubuhi, mvua ikinyesha, alikunywa uji nusu kikombe. Akakiweka chini, akasema, "Nimeshiba, Mama." Nilimwangalia usoni kwa muda mrefu. Kifua nimekipima, kiuno nimekipima, lakini lile neno sina cha kulipimia. Nikamuacha aende masomo na mwamvuli.

Sijui, Yaya. Mashindano yatafika, ataendesha ama hataendesha, na siku itakayofuata bado kutakuwa sahani mbele yake na mimi mbele ya sahani.

Kuna dereva anashuka kutoka kwenu siku ya posho. Nitumie tireti, yaani zipu, moja ya bulu, ndefu kutoka shingoni mpaka chini ya kitovu, maana ile ya salopeti imechoka kwa kufumuliwa. Bobini mbili za uzi wa bulu, ule mugumu. Sahani moja ya bati, moja tu, yenye ukingo ulioinuka, isiwe kubwa, maana zangu ni pana na chakula kidogo kinaonekana ndani yake kama adhabu. Unga wa soya kilo mbili, karanga zilizokaangwa kilo moja. Na sauti yako kwenye simu, ya Plamedi peke yake: umwambie habari za soko, za mutoto wako, za chochote, ila usimuulize kama anakula.

Mita usitume. Hii yangu haikuvutika.