Wimbo wa Kuhama

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Ukungu tena. Watoto wamefika shuleni na matone kwenye nywele. Darasa la sita nimewafundisha sauti. Waya, ubao, misumari. Ukipiga waya mzima unalia chini. Ukiubana katikati kabisa, nusu yake inalia sauti ile ile, ila juu, kama mtoto anayemwitikia baba yake. Wamecheka. Nikawaambia kwamba kwa Wayunani wa kale alikuwepo mtu aliyesikia jambo hili akaamini dunia nzima imepangwa hivyo. Kwamba hata nyota zikitembea zinaimba, ila sisi tumezizoea tangu kuzaliwa, ndiyo maana hatuzisikii.

Darasa likanyamaza. Wanasikiliza. Na mimi nikasikiliza. Ng'ombe. Shoka la mtu, mbali. Basi.

Nilipoacha seminari baada ya baba kufa, nije kuwatafutia wadogo zangu riziki, nilidhani Wayunani nimewaacha kule Songea pamoja na kanzu. Wamenifuata. Hapa Maretadu, kwenye baridi hii, nawaona zaidi kuliko nilivyowaona kule. Pengine ni ukungu. Kitu chochote kinaweza kutokea ndani yake.

Jioni kwaya. Mzee Margwe anaimba besi peke yake na anatosha. Akishuka chini, benchi linatetemeka.


Alhamisi, 5 Septemba

Katibu Kata amekuja shuleni. Bwana Athumani, mtu wa Kondoa, mpole, macho mekundu ya kukosa usingizi. Operesheni imefika kwetu. Watu wote wanaoishi juu mlimani watashuka tambarare, kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Mistari ya nyumba imeshapimwa. Mwezi huu huu.

Anataka wimbo.

"Mwalimu, watu wakisukumwa wanakaza miguu," amesema. "Wakiimbiwa wanatembea."

Nimekubali palepale. Nimefurahi, tena sana. Wayunani walisema hayo hayo: mji unaotaka raia wema uangalie kwanza unaimba nini. Zipo sauti zinazomlegeza mtu na zipo zinazomkaza. Na ujamaa mimi naupenda. Shule karibu, zahanati karibu, maji. Mwaka jana nilikutana na watu wakimshusha mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa kwa machela, kutoka kule juu, kwenye matope. Mtoto alifia njiani. Acha washuke.


Jumapili, 8 Septemba

Wimbo umekuja wenyewe. Natembea baada ya ibada, kati ya mashamba yaliyovunwa, mabua yanalia kwenye upepo, mara naona nakanyaga kwa mapigo. Sikuutunga. Niliukuta. Kama mtu anayeingia chumbani na kukuta kuna watu wanaongea, naye anakaa.

Ni mzuri. Wanawake wanaanza juu, besi inaingia chini kama mguu unaotua. Ukiuimba huwezi kusimama mahali pamoja. Nimeujaribu peke yangu hadi nikajikuta nimefika Dongobesh bila kukusudia. Nimerudi na lori la mahindi.

Mzee Margwe hakuja kanisani.


Jumanne, 10 Septemba

Nimepanda kumwona. Nyumba yake ni zile za zamani, nusu imechimbwa ndani ya mlima, paa la udongo juu ya fito na nguzo. Ukitokea juu unaweza kutembea hadi kwenye paa bila kujua kwamba chini yako kuna watu.

Mkewe anaumwa. Mama Boay. Tumbo limejaa, miguu mikavu kama kuni. Hospitali wamemrudisha nyumbani. Hawakuficha: aende akapumzike kwake. Amelala chumba cha ndani kabisa, karibu na mlima, penye joto. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akauliza kama nimekula.

Nje Mzee Margwe akaniambia maneno machache.

"Mimi si mkaidi, mwalimu. Nitahama. Nasubiri huyu amalize."

Nikamwambia nitasema na Katibu. Nilikuwa na wimbo kichwani muda wote niliposimama pale. Haukunyamaza. Nimeuchukia kidogo.


Alhamisi, 12 Septemba

Nimekwenda ofisi ya kata. Bwana Athumani amenisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema akimwacha mmoja, kesho kila nyumba itakuwa na mgonjwa. Amri imetoka wilayani. Siku ikifika, mapaa yote yanashushwa. Mgonjwa atabebwa vizuri, lori litakuwepo.

"Atafia kwenye lori," nimesema.

Akauliza, "Wimbo upo?"

"Upo."

Nimepanda tena mlimani kumpa Mzee jibu. Hakushangaa. Tukakaa kwenye jua, tumeegemea ukuta. Nikamweleza habari za yule mzee wa Athene ambaye mji wake ulimhukumu kwa uonevu. Rafiki zake walitaka kumtorosha akakataa. Akasema mtu ama aushawishi mji wake, ama autii. Akanywa sumu kama alivyoamriwa, akafa ametulia. Sijui kwa nini nilimweleza hayo. Labda nilitaka aniambie nitii.

Mzee Margwe akauliza sumu ilikuwa ya mti gani. Sikujua. Akaingia ndani kumgeuza mkewe.


Ijumaa, 13 Septemba

Siwezi kufundisha. Nimewapa watoto kazi ya kuandika, nikakaa dirishani.

Nimeshawishi nikashindwa. Kwa hiyo nitii. Ndivyo inavyotoka kwenye kitabu, moja kwa moja, kama hesabu. Naogopa. Nikiachishwa kazi, wadogo zangu wanarudi nyumbani kutoka shule. Hilo nalijua vizuri kuliko ninavyowajua Wayunani wote.

Lakini mchana, natazama ukungu ukiingia uwanjani, jambo moja limenijia taratibu kama mtu anayetembea ndani yake. Yule mzee alitii kwa mwili wake mwenyewe. Kikombe alikishika yeye, akakiweka kinywani mwake. Hakuna mahali anapoambiwa amnyweshe mtu mwingine. Angeambiwa, angefanyaje? Nadhani najua. Seminarini tulijifunza kwamba kuna sauti ndani yake iliyokuwa haimwambii cha kufanya, ilimkataza tu.

Yangu imenikataza leo. Sikutaka.


Jumapili, 15 Septemba

Nimewaambia kwaya baada ya ibada. Kwamba wimbo tuliojifunza wiki nzima sitauongoza. Kwamba sababu wanaijua. Mzee Margwe hakuwepo, nafasi yake kwenye benchi imebaki wazi, hakuna aliyejisogeza.

Elizabeti, kiongozi wa sauti ya kwanza, alikasirika.

"Wewe unatoka mbali, mwalimu. Wakikuhamisha unapanda basi. Sisi tunabaki nao hawa."

Ana haki. Nikamwambia mimi nawaachia, anayetaka kuimba aimbe, wimbo ni wao sasa. Wakatoka bila kuagana. Nimekaa kanisani peke yangu. Besi haikuwepo lakini benchi nililiona kama linatetemeka. Nilikuwa sijala.

Nimemwambia pia Bwana Athumani, nyumbani kwake, wakati akitoka kuswali. Alinitazama kama mtu aliyeongezewa mzigo mmoja mdogo juu ya mikubwa. Akasema, "Siku ya kuhama njoo hivyo hivyo. Usijifiche." Nimesema nitakuja.


Alhamisi, 19 Septemba

Imefanyika leo. Naandika nikiwa na udongo kwenye kola.

Walifika asubuhi, mgambo na lori, ukungu bado uko chini yetu, kwa hiyo mlima ulikuwa kama kisiwa. Nyumba za kwanza zilikuwa tupu. Wenyewe walishatoa vyombo nje. Vinu, ngozi, kuku waliofungwa miguu. Vijana wakapanda juu ya mapaa na majembe. Udongo ukashuka ndani ukitoa sauti laini, kama nafaka. Kwaya walikuwepo wote. Hakuna aliyeimba. Elizabeti alisimama na mikono ndani ya kitenge, midomo imefungwa. Bwana Athumani aliniangalia mara moja, hakuniangalia tena. Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakiwa kimya. Tuliwasikia nzi.

Kisha tukafika kwa Mzee Margwe. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa blanketi lake zuri. Hakuzuia. Alipoona wamekaribia akaanza kusema kwa Kiiraqw, polepole, macho yakitazama mbali. Ilikuwa slufay, sala ya wazee wao. Mmoja anasema mstari, wote wanaitikia. Ng'ombe na wazae. Eeh. Mvua na inyeshe bila mawe. Eeh. Najua kidogo tu, Elizabeti alininong'oneza mengine. Kwaya waliitikia. Waliohama asubuhi waliitikia. Halafu nikasikia wanaitikia kutoka juu ya paa: vijana wa mgambo, watoto wa hapa hapa, majembe mkononi. Hawakukusudia. Mtu hawezi kuisikia hiyo akanyamaza kama amelelewa nayo. Sauti nene ya mzee chini, sauti nyingi juu, na ule mwanya kati yao ulikuwa ule ule, ule wa waya na nusu ya waya. Nywele zilinisimama. Nilidhani nimelala.

Bwana Athumani alivua kofia. Alisubiri hadi mwisho kabisa. Kisha akamwendea Mzee, akasema, "Shikamoo." Mzee akaitikia. Wakaongea kwa sauti ya chini. Mgonjwa yuko upande gani? Ndani, karibu na mlima.

"Shusheni upande wa mbele," akawaambia vijana. "Wa ndani uacheni."

Wakashusha upande wa mbele. Sikuweza kutazama, nikaingia ndani kumkinga Mama Boay na vumbi. Elizabeti alishakuwepo, ameshika shuka juu ya uso wa mgonjwa. Vumbi lilipotulia, jua lilikuwa limeingia hadi kwenye kitanda. Chumba kile hakijawahi kupata jua tangu kichimbwe. Mama Boay alifumbua macho. Akasema neno moja. Looaa. Ndilo jina la jua kwao, na ndilo jina la Mungu, na wazee wanasema ni mama. Akaweka mkono wake ndani ya mwanga kama mtu anayepima maji.

Padre atasema ni upagani. Mimi namkumbuka Myunani mmoja aliyesema wema wenyewe ni kama jua: huwezi kulitazama, lakini kwa ajili yake unaona vingine vyote. Sijui ni upagani wa nani.

Tulipotoka Bwana Athumani alikuwa anaelekea kwenye lori. Aliniambia bila kusimama, "Nitaripoti nyumba imebomolewa. Imebomolewa. Umeona."

Nimeona.


Jumanne, 24 Septemba

Mama Boay amefariki asubuhi. Nyumbani kwake, au kwenye nusu yake. Tumemzika karibu na zizi. Kwaya waliimba nyimbo za kanisa, mimi nikaongoza. Mzee Margwe aliimba besi kwenye mazishi ya mkewe. Hakukosea popote. Nililia, yeye hakulia.

Mchana vijana wakarudi wakashusha upande uliobaki. Yeye mwenyewe aliwaonyesha nguzo ipi waanze nayo isiwaangukie.


Jumamosi, 5 Oktoba

Mkaguzi wa elimu amekuja. Kumbe kuna mtu amesema mwalimu wa Maretadu alivuruga operesheni. Sijui nani, na sitaki kujua. Nimeulizwa nilisema nini siku ile. Nikajibu sikusema kitu. Akasema hilo ndilo kosa lenyewe.

Sikufukuzwa. Nahamishiwa Katesh, wilaya ya Hanang. Nilitegemea mabaya zaidi, nimefurahi, nimeona aibu. Elizabeti amenipikia kuku. Amesema, "Si nilikwambia utapanda basi." Tukacheka kidogo, wote wawili.


Jumamosi, 16 Novemba

Katesh. Mlima Hanang umejifunika wingu tangu juzi. Shule ni nzuri. Hakuna kwaya, sijauliza.

Leo siku ya mnada, nikakutana na Mzee Margwe. Amekuja kununua ndama. Nimemkaribisha chai hotelini. Amekonda. Kijiji kipya nyumba ziko karibu mno, anasema, unasikia jirani akikohoa, unajikuta unasubiri akohoe tena. Maji bado. Shule wameanza kujenga, na yeye anabeba mawe kama wengine. Bwana Athumani amepelekwa wilaya nyingine. Alipita kumuaga.

Chai ikaletwa. Halafu akauliza, "Yule mzee wako aliyekunywa sumu. Alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye."

"Siku ile alikuwa wapi?"

Nikamweleza kama ilivyoandikwa. Alikuwa naye gerezani asubuhi, na mtoto mdogo. Mke akaanza kulia. Yule mzee wa Athene akaomba watu wampeleke nyumbani. Kisha akabaki na rafiki zake wakaongea habari za roho hadi jioni.

"Akamtoa nje?"

"Ndiyo."

Chai yake ilitengeneza utando juu.

"Labda aliogopa," akasema.

Miaka yote ya seminari tulifundishwa kwamba hakuogopa kitu. Ndiyo ilikuwa maana ya habari yote. Nilitaka kumweleza hivyo Mzee Margwe, nikaona nimeshika kikombe tu.

Nimemsindikiza hadi kwenye lori. Tumempandisha ndama kwa shida, mateke mengi. Yeye akakaa naye nyuma, mkono shingoni mwake, wakaondoka.

Nimerudi nyumbani nikafua mashati. Yamekauka haraka. Katesh kuna upepo.